Shangazi Aliniuliza Atafikia Wapi

Msinionee huruma. Kosa nililifanya mimi, nikiwa na akili zangu timamu, na chumba cha wageni kikiwa kitupu nyumbani kwangu.

Jina langu silitaji kwa sababu Bukoba ni mji mdogo na ofisini wananijua. Sehemu ya kazi yangu ni kuwatafutia malazi wageni wa ofisi wanaotoka Mwanza na Dar. Na kazi hiyo naijua! Naenda mwenyewe, nafungua bomba nione kama maji yanatoka, natikisa mlango, nageuza ufunguo mara mbili. Kisha natembea kwa miguu kutoka hapo mpaka stendi huku naangalia saa. Hakuna mgeni wa ofisi aliyewahi kunilalamikia.

Shangazi yangu nilimtafutia kwa simu, nikiwa nasubiri chai ichemke.

Huyu shangazi ndiye aliyenilea kule Kagoma, Muleba, baada ya mama kufariki. Nilisoma kwa ndizi na kahawa za kibanja chake. Mumewe alipofariki, mashemeji wakaanza kumwambia arudi kwao, eti kibanja ni cha ukoo. Shangazi akakataa. Alikuwa na wosia wa marehemu ulioandikwa kwa mkono, wenye saini za mashahidi wawili, na mashahidi hao wote wameshatangulia mbele za haki. Karatasi hiyo moja ndiyo iliyokuwa kinga yake. Akafungua shauri baraza la ardhi, Bukoba, likapangwa Jumanne saa tatu asubuhi.

Akanipigia.

"Mwana wange, Jumanne nina kesi. Nakuja Jumatatu jioni. Sasa nitafikia wapi?"

Jamani! Kwetu mtu mzima akikuuliza hivyo, hakuulizi kitu. Anapiga hodi. Hawezi kukuambia "nipokee", kwa hiyo anakuachia wewe useme, ili heshima ibaki kwenu wote wawili. Jibu ni "utafikia kwangu, kwa nani tena?" halafu mnaendelea na habari za mvua.

Mimi nikamjibu kama karani.

"Usihofu, shangazi. Nitakutafutia gesti nzuri. Salama, bei nafuu, karibu na stendi."

"Gesti?" akasema. "Haya, mwana wange. Wewe ndiye unayeujua mji."

Mtaniuliza kwa nini. Jumatatu hiyo jioni nilikuwa nimewaalika wanawake wenzangu wa ofisini waje kuiona nyumba yangu mpya. Na mimi, mwongo mkubwa, nilikuwa nimewaambia kwamba nimelelewa na mwalimu mkuu! Shangazi angeingia na kikapu chake, angekaa chini kwenye mkeka akayaacha makochi, angewasimulia nilivyokuwa naenda shule peku na jembe begani. Angesimulia kwa upendo kabisa, akicheka. Niliona aibu. Ndiyo, nilimwonea aibu mtu aliyenifundisha kuvaa nguo.

Basi nikapiga simu gesti moja ambayo sijawahi hata kupita mlangoni kwake.

"Iko karibu na stendi?" nikauliza.

"Karibu kabisa dada, ukitoka getini tu unaiona."

Stendi ipi? Sikuuliza! Mimi, ninayewauliza wenye hoteli mpaka wananichoka.

Ilikuwa stendi ya bodaboda. Pikipiki nne zimeegeshwa kando ya duka, huko juu mlimani, mbali kabisa na mji. Nilimtuma bodaboda akampokee shangazi kwenye mabasi na kumpeleka, nikarudi kwenye mapazia yangu.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Kitasa cha chumba chake kilikuwa kinazunguka bure bila kufunga. Alipomwambia dada wa mapokezi, akajibiwa, "Egemeza kiti, bibi." Kiti unakiegemeza ukiwa ndani! Asubuhi alikwenda kuoga kwenye bafu la nje, maana hawezi kusimama mbele ya wakubwa bila kuoga. Aliporudi, mkoba aliouacha chumbani haukuwepo. Simu, nauli na wosia, vyote vilikuwa humo.

Aliachiwa kikapu tu. Ndani yake mlikuwa na senene wa kukaanga na kahawa ya kutafuna, zawadi zangu.

Akatafuta chini ya kitanda, akalia mapokezi, akaambiwa gesti haihusiki na mali ya mteja. Akatoka getini kuitafuta ile stendi niliyomsifia, akazikuta pikipiki, naye hana hata senti. Akaushuka mlima kwa miguu yake ile mibovu huku anauliza njia. Alifika barazani saa tano. Shauri lilikuwa limeshafutwa kwa sababu mwenye shauri hakutokea.

Saa hizo mimi nilikuwa ofisini, wenzangu wananisifia nyumba.

Mchana akanifuata kazini. Hakunigombeza. Alikiweka kikapu mezani, akasema, "Hivi ni vyako." Mwenzangu mmoja akamtazama ile miguu yenye matope, akaniuliza, "Huyu mama ni nani?"

Nikasema, "Jirani yetu wa kijijini."

Mungu wangu! Shangazi anajua Kiswahili vizuri. Alinitazama kidogo, kisha akaitikia, "Ee. Jirani." Akatoka.

Tuliomba shauri lirudishwe, na likarudishwa. Lakini baraza lilitaka kuuona wosia, na kilio changu hakikuwa wosia. Mashemeji wakakichukua kibanja. Mibuni aliyoipanda mumewe wameing'oa. Shangazi sasa anaishi Ngenge, kwenye chumba cha nyuma kwa mdogo wake.

Nilimfuata huko kuomba radhi. Begi nililiacha gesti pale Muleba mjini, kwani sikuthubutu kufika nalo mlangoni kwake. Alinipokea vizuri mno, na hilo ndilo lililoniua! Akanitolea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mgeni. Utotoni nilikuwa najichotea mwenyewe mpaka nachapwa.

Nikapiga magoti nikamwambia yote, hata uongo wa mwalimu mkuu. "Nilishakusamehe," akasema. Tukaongea habari za mvua. Jua lilipoanza kushuka, akaniuliza taratibu:

"Umefikia wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Hilo ni swali la kumuuliza mtu wa kuja! Mtoto uliyemlea humuulizi.

"Gesti, shangazi. Pale Muleba."

"Mlango unafunga?"

"Unafunga."

"Basi vizuri. Wahi gari."

Ndugu zangu, mkitafuta pa kulala mjini, nendeni mkapaone kwa macho yenu. Tikiseni mlango, geuzeni ufunguo, ulizeni ni stendi ipi. Lakini kama anayekuja ni mtu aliyewahi kukupa pa kulala wewe ukiwa huna kwenu, achana na habari za gesti! Akikuuliza atafikia wapi, jibu kabla hajamaliza kuuliza. Mimi jibu nililijua tangu utoto, nikalimeza kwa ajili ya watu waliokuja kula keki.

Chumba changu cha wageni nimekitandika mpaka leo. Kila nikimpigia shangazi aje Bukoba akae nami, hakatai. Anasema atakuja, ila nimtafutie gesti iliyo karibu na stendi.