Mashua Iliyosimama Ndani ya Beseni

Mashua ile ndogo niliijenga katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa mbao za masanduku mabovu ya nyanya, na misumari niliing'oa humo humo. Mbavu nilizihesabu mara mbili: zilikuwa sawa na za mashua ya baba, aliyevua samaki Ziwa Tanganyika. Tanga lilikuwa kipande cha gunia la unga, chenye kiraka kama tanga la baba.

Nikaipeleka Mbarara kwa mzee mmoja mwenye duka la nafaka. Akaigeuzageuza, akaguna.

"Hii ni pambo tu. Ikisimama kwa maji, nanunua kwa bei yako."

Akaleta beseni la maji. Mashua ikalala ubavu, na wateja wakacheka.

"Wewe Mukongo, mashua yako imelewa!" akasema mzee.

"Muzee, hii ni ya kazi. Kwetu mashua haitembeake tupu."

Nikachota mchele kwenye gunia lake, nikautandaza kati ya mbavu. Safari hii ikasimama wima, kama ya baba ilivyorudi na samaki. Nikalipuliza tanga, ikavuka beseni.

Akalipa bei yangu bila kubisha. Mashua bado iko juu ya kaunta yake, na mchele umo ndani. Hathubutu kuutoa.