Kijiti cha Kupimia Maji

Harufu ya tope bichi na mpunga unaoanza kukomaa hunirudisha dunguni kwetu Mkongo, kibanda cha juu ya nguzo tulichohamia kila msimu kuamia ndege shambani. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amevushwa mto kupelekwa hospitali Utete, mimba ikimsumbua, nami nikabaki na bibi mzaa baba, ambaye kwa utani wetu aliniita mke mwenza. Wanasema wasiwasi ndiyo akili. Basi nilikuwa na akili za kutosha kijiji kizima, na nyingine zikabaki. Nilisikia wakubwa wakisema mto ukipanda, mtumbwi hauvuki. Nikachonga kijiti, nikakitia alama kumi, nikazihesabu mara mbili, nikakichomeka ukingoni mwa maji.

Asubuhi zililowa alama tatu. Nikakichomoa, nikahesabu, nikakirudisha. Sijafika dunguni, nikageuka tena. Kufikia adhuhuri zimelowa saba, nami nimeshamzika mama moyoni na kanga zake nimezigawa. Nyuma yangu ndege walikula mpunga kwa utulivu, kama wageni waliokaribishwa. Nikamkimbilia bibi nikilia kwamba maji yamepanda, mama hatarudi.

Bibi alishuka ngazi polepole, akatazama nyayo zangu za asubuhi pale ukingoni. Maji yalikuwa hayajazigusa.

"Mke mwenza, maji yako palepale. Kila ukikichomoa na kukirudisha, unakishindilia zaidi topeni." Akanipa kombeo. "Kitazame asubuhi, kitazame jioni. Hapo katikati fukuza ndege. Mama yako akija atataka kula."

Moyo haukutulia siku ile, ila mikono ilipata kazi. Baada ya siku sita mama alivuka mto salama, bila mtoto. Hilo halikuwa na alama kwenye kijiti changu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mama akala ubwabwa wa mpunga mpya, ule uliosalimika.

Leo nauza mchele Kibiti, na kila kitu bado nahesabu mara mbili. Binti yangu yuko hospitali Dar, anasubiri kujifungua, na simu imeshika nafasi ya kijiti. Naitazama asubuhi, naitazama jioni. Nisidanganye: leo nimeitazama mara nne, na haijasema kitu. Kabla ya mara ya tano nimeifungia simu kabatini, nikachukua ungo, nikatoka kupepeta. Akija atataka kula.