Darasa la Merle Pascoe

Merle Pascoe alizaliwa kiziwi, na hakuwahi kumwonea huruma mtu aliyepoteza masikio baadaye. Alizeekea kwenye kiwanda cha sufu hapa Geelong, Australia. Mashine zilizowaharibu wenzake masikio hazikupata cha kumnyang'anya. Utotoni, walimu walimfunga mikono kwa mkanda ili ajifunze kusema kwa mdomo. Mdomo haukutoa kitu. Mikono ilipofunguliwa, ilitoka na hasira isiyokwisha, na kwa mikono hiyohiyo alifundisha lugha ya alama, kila Alhamisi, kwenye klabu ya viziwi.

Nilimpelekea Merle binti yangu, Tegan. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa na miaka tisa. Alipofika kumi na tano, marafiki zake wa shule walikuwa wameshamchoka, hata ujumbe kwenye simu hawamtumii. Klabu ndiyo iliyobaki. Vijana wa pale walimfuata Merle kama vifaranga: aliyekubaliwa na Merle alipata watu, aliyekataliwa alikula soseji yake peke yake karibu na mlango. Hilo nililiona siku ya kwanza tu, kutoka kwenye kiti changu cha ukutani.

Tegan alianza kusimulia kwa alama habari ya mbwa wa jirani. Hajafika mbali, Merle akapiga sakafu kwa mguu mpaka vikombe vikatetema.

"Simama hapo! Neno 'jana' unaniletea mwishoni, nishachoka kukutazama? Anza na lini. Halafu wapi. Halafu mtu muweke mahali pake, hapa, tumwone, ndipo afanye jambo. Wewe unamwaga maneno kama msoma gazeti."

Tegan akauliza kama aanze upya.

"Hilo ni swali? Swali ni nyusi juu; mbona zako zimelala? Uso wa maiti hauulizi kitu, mtoto."

Jared, kijana mrefu wa kule mbele, akajigonga paji la uso. "Ana redio humu kichwani, bado inaongea!"

Wakacheka wote. Viziwi hupeana majina ya alama, na mwenye jina hachagui. Tangu siku ile binti yangu akawa Redio.

Wiki nyingi zilipita hivyo. Tegan akaacha kula. Nilimfuata Merle jikoni klabuni, akipanga keki za nazi, nikamwomba kwa mikono yangu mibovu ampunguzie mtoto.

"Mimi nani alinipunguzia?" akajibu. "Na wewe mama, unamkodolea macho kama polisi. Kabla ya kila neno anakuangalia wewe. Mimi nitamfundisha nini? Haya, shusha mikono, unaniumiza macho."

Alhamisi iliyofuata alimsimamisha Tegan katikati ya ukumbi.

"Leo Redio atusimulie kisa. Akishindwa, arudi kwa wenye masikio wenzake, asitupotezee muda."

Tegan aliniangalia. Kisha akanigeuzia bega, akaanza.

Jana. Jikoni kwetu. Akaweka jiko kulia, meza kushoto, na katikati, hewani, akachoma kidole: mama. Halafu akawa mimi. Mabega juu, macho nje, mdomo ukifunguka kama samaki ndooni. Mwiko mkononi, mchuzi ukiruka ukutani kwa kila neno. "Usirudi kule! Wanakucheka! Nitakufa mimi!" Mimi huyo nikalia nimeinamia sufuria. Ndivyo ilivyokuwa kweli, hata namna ninavyofuta pua kwa kiganja.

Kila alipotaka kunirudia alipaonyesha pale tu, na watu walicheka kabla sijafanya lolote. Nyusi zake zilipanda na kushuka. Hakukosea hata mara moja.

"Alilia ndani ya mchuzi kweli?" Jared aliuliza.

"Chumvi hatukuongeza."

Sakafu ilitetemeka kwa miguu yao. Merle alicheka mpaka akashika mbavu, akainua mikono miwili akaipeperusha, ndiyo makofi ya viziwi, na wote wakapeperusha yao. Akavuta kiti kando yake. Tegan akakaa, Jared akamsogezea keki. Sikuwa nimemwona akila hivyo tangu augue.

Nikasimama, nikamuuliza kama twende.

Hakunitazama. Akapaonyesha palepale, kati ya jiko na meza, akamwambia Merle:

"Huyu atangulie nyumbani."

Nilichukua mkoba wangu, nikatangulia.