Baba Mkwe wa Kilo Mbili

Nakumbuka siku moja nusura nipigwe mwavuli mlangoni pa wodi, mwanangu, na aliyeuinua mwavuli alikuwa bibi wa kanisa aliyevaa nguo nyeupe ya Sabato. Usicheke bado. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa muuguzi mbichi katika wodi ya wazazi huku Kisii, miaka michache baada ya uhuru. Tulikuwa tunaiamini penisilini kupita kiasi. Ukikohoa, sindano. Ukijikata na panga kwenye majani chai, sindano. Basi watoto wachanga wakaanza kutoka majipu, mmoja, kisha jirani yake, kisha jirani wa jirani, na sindano tukidunga ni kama tunadunga maji. Msimamizi wetu, Sista Bosibori, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi jikoni, siku hiyo hakucheka. Alituambia vijidudu vya majipu hayo vimeizoea dawa yetu, na vinasafiri kutoka mtoto hadi mtoto juu ya mikono. Mikono yetu sisi, na ya kila anayekuja kubeba mtoto. Dawa kali zaidi ilikuwa ya kungojea kutoka Nairobi, na iliyokuja ilikuwa ya kuhesabia matone.

Wagonjwa tukawatenga chumba chao na muuguzi wao. Wazima wakabaki upande huu, beseni na sabuni mlangoni, na hakuna kumgusa mtoto wa pili kabla hujanawa mikono uliyomshikia wa kwanza. Ngozi ya mikono yetu ilipasuka, lakini majipu mapya yakaanza kupungua.

Upande wa wazima alikuwapo Kwamboka wa Nyamache. Alikuwa amepoteza mimba baada ya mimba, na sasa Mungu amempa kijana aliyezaliwa kabla ya wakati, kilo mbili na ushee, masikio laini kama ganda la maharagwe mabichi. Jipu moja tu lingemmaliza yule. Kumtoa nje kwenye baridi ya Nyamache pia kungemmaliza. Sote tulilijua hilo, na Kwamboka alilijua kutushinda.

Ndipo Jumamosi moja, kanisa lilipotoka, nikasikia nyimbo nje. Mama mkwe wake amefika, Mama Nyaboke, na akina mama wenzake, ndizi kichwani, uji wa wimbi kwenye kibuyu, furaha tele. Akaninyooshea mkono. Wewe unajua kwetu salamu ni mkono, mtu kwa mtu, hata mkiwa umati. Mimi nikarudisha wangu nyuma na kusema, "Hakuna kuingia! Hakuna kushika mtoto!"

"Mkono wangu una ukoma?" akauliza. Mwavuli ukapanda. Ulipoteremka bila kunigusa, nilitamani ungenigusa, maana alichosema kilikuwa kibaya zaidi. "Kwamboka! Funga mizigo. Tunampeleka mtoto nyumbani."

Na Kwamboka, maskini, angembishia mama mkwe wake wapi? Akaanza kukunja shali huku machozi yanadondoka.

Sista Bosibori akaja mbio. Alinigeukia mimi kwanza. "Nilikutuma uzuie vijidudu. Nani alikutuma ufukuze watu kama ng'ombe walioingia shambani?" Kisha akamweleza mama yule kwa upole habari za majipu na dawa iliyoshindwa. Mama akasikiliza, akasema, "Mikono hii imelea watoto wanane," na akaendelea kungoja mizigo.

Nikamuuliza Kwamboka, angalau kuvuta muda, "Mtoto mmempa jina gani?"

"Ombati," akajibu. "Babu wa baba yake, marehemu."

Nikapiga hesabu ya ukoo haraka haraka. Babu wa mumewe, yaani baba mkwe wa Mama Nyaboke, na kwetu anayepewa jina la mtu hupewa na heshima yake! Basi nikamgeukia Mama Nyaboke, safari hii nimeinama vizuri. "Mama, nisamehe nilivyokupokea. Lakini kumbe huyu ni baba mkwe wako! Wewe ulimsalimia mzee Ombati kwa mkono lini?"

Unajua chinsoni, ile heshima yetu: mke wa mtu na baba mkwe wake hawapeani mkono, wala hawakaribiani ovyo. Mama Nyaboke akamtazama yule wa kilo mbili pale kitandani. Mara mmoja wa wenzake akaangua kicheko, wakafuata wote, na Sista Bosibori akawashinda. Mama Nyaboke akajivuta nyuma hatua kadhaa, akajitanda leso, akasema kwa sauti ya mkwe mwenye adabu, "Baba, umeamkaje? Nilitaka kukukosea mbele ya watu!"

Wee! Nililia kwa furaha, sikuona haya.

Kwamboka akakunjua shali. Na mama yule, mwanangu, akageuka kuwa askari wetu. Kila alipokuja alikaa karibu na beseni akiwaambia wageni, "Nawa. Na umsalimie kutoka hapo, huyo ni mkubwa wenu." Walitii wakicheka. Majipu yakaisha, chumba cha wagonjwa tukakisugua hadi dari. Siku Ombati anatoka, amenona, mama mkwe alinawa hadi viwiko, akampokea mikononi na kumwambia, "Leo nivumilie, baba, utani umekwisha." Kisha akanipa mkono mimi. Aliushika muda mrefu.

Siku hizi Ombati ana mvi. Tukikutana soko la Kebirigo, huweka mikono nyuma na kusema, "Bado sijanawa, Mama," nasi hucheka hadi wauza ndizi watushangae.

Basi wewe unayeingia wodini, nisikilize. Usidunge dawa kwa kila kikohozi, uiache iwe na nguvu siku itakapohitajika. Nawa hata ukiwa umechoka, hata kama hakuna anayekuona. Na unapomzuia mtu mlangoni, mpe sababu na mpe heshima yake, maana yeye pia amekuja kwa kumpenda aliyelala mle ndani. Mungu aibariki mikono yako, kila utakayemgusa aende kwao mzima, na uzeeni usalimiwe sokoni na watoto uliowalinda.