Kompyuta Iliyoacha Kuyumba

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Alishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na pembeni mwa cherehani ilikaa kompyuta kuukuu aliyoachiwa na bintiye alipoolewa. Humo alitunza picha za vitambaa vyote vya duka la jumla. Kila kimoja alikipiga picha mwenyewe, baada ya kukifikicha mkononi mpaka mwenye duka akakunja uso.

Siri ya kazi yake, kama alivyoamini, ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Bintiye aliiwekea madoido: ukilishika dirisha lenye picha kwa kipanya ukalivuta, linayumba kama nguo kambani. Mteja akija, Mama Mapazia huvuta picha moja, huvuta ya pili, na wote wawili wanakodoa macho. Hiki kinaanguka vizuri, husema. Kile chepesi mno, kitakuwa kinapeperuka kutwa nzima. Hakuwahi kukosea, na sifa zote aliipa kompyuta.

Asubuhi moja kompyuta ikajisasisha bila kumwomba mtu ruhusa, na ilipowaka skrini ilikuwa michirizi mitupu. Akaizima, akaiwasha. Akaipiga kikofi ubavuni, kile cha kumwamsha mtoto wa shule. Wapi! Na jioni ile ile alikuwa anakuja mwenye nyumba ya wageni kuchagua kitambaa cha vyumba vyake vyote, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Akimshauri vibaya, jina lake limekwisha. Akaikumbatia kompyuta hadi kwa fundi.

Fundi, baba mmoja mwenye miwani, alikuwa mtu wa maelezo. Alisema draiva, ile programu inayoiongoza kadi ya picha, imekuwa mpya mno kwa kadi ya zamani namna ile. Akarudisha draiva ya zamani. Michirizi ikaondoka, lakini madirisha yakiyumba mara chache tu, skrini inaganda. Akaweka nyingine, nyepesi. Hiyo ilikwenda vizuri, ila madoido yakagoma kabisa. Mama Mapazia aliitikia kila neno kwa kichwa na hakuambulia kitu. Alichoona ni kwamba picha zake sasa zilisogea kikavu, kama sahani mezani.

"Sasa nitajuaje kizito na chepesi?" aliuliza.

Fundi hakuelewa. Alipoelezwa, alivua miwani.

"Mama, hii mashine haijui kitambaa. Madirisha yote yanayumba sawasawa."

Mama Mapazia akamwona fundi naye kachanganyikiwa. Ili kumaliza ubishi, fundi akairudisha ile draiva ya zamani, akavuta picha ya mahameli nzito, akavuta ya shashi nyepesi. Zikayumba sawasawa. Mama hakukubali, akamnyang'anya kipanya. Mahameli ikasogea polepole, ikatikisika kidogo, ikatulia. Shashi ikaruka na kupepea skrini nzima. Kisha kila kitu kikaganda.

Fundi akautazama mkono wa Mama Mapazia, uliokuwa bado umeshika kipanya.

"Ni wewe, mama," alisema. "Hii unaivuta taratibu, ile unaivuta haraka."

Alirudi nyumbani na draiva nyepesi na kichwa kizito. Kama mashine haikujua kitu, basi miaka yote hiyo wateja aliwaambia nini? Alijiona tapeli, tena tapeli aliyeanza kwa kujitapeli mwenyewe. Na kama mkono ulikuwa unajua, mbona yeye mwenyewe hakuambiwa? Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kupotea. Alipata hofu ya kweli, ya mtu asiyejua tena anachokijua.

Jioni mwenye nyumba ya wageni akaketi, akasogeza kiti. Mama Mapazia akamwambia wazi kwamba kompyuta inaumwa, leo haiwezi kuonyesha kitu. Mgeni akasema yeye katoka mbali, avute tu.

Akavuta. Picha ya kwanza ikasogea kikavu, ya pili vilevile. Alipofika kwenye kitambaa kimoja cha kijivu, mkono wake ukapunguza mwendo wenyewe, kana kwamba kuna mzigo.

"Hiki," alisema. "Hiki kinaanguka vizuri."

Mgeni alikuwa ameinamia skrini, macho yamemtoka.

"Naona," alisema. "Naona kabisa kinavyoanguka."

Mama Mapazia akaitazama skrini, ambapo hakuna kilichoyumba. Akautazama mkono wake. Kisha akainuka kutafuta futi ya kupimia.