Misumari ya Viti vya Verna

Verna Kuchta alivipigilia misumari sakafuni viti vyote vya jikoni kwake, visisogee, mwaka ule mjukuu wake Lindy alipoanza kutembea. Mtoto alizaliwa na ugonjwa wa macho wa kurithi: kwenye jua kali aliona vivuli, mwanga ukififia kidogo tu haoni kitu. Verna, mpishi wa shule katika mji wa makaa ya mawe kule Pennsylvania, hakutaka kuonewa huruma na mtu. Akamfundisha Lindy kuhesabu hatua, kusikiliza mngurumo wa friji na kupapasa sakafu kwa vidole vya miguu ndani ya raba nyembamba. Majirani wengi hata hawakujua.

Lindy alipofika miaka tisa, hospitali moja ya jijini ikawa inatafuta watoto wa kujaribia tiba mpya. Daktari angeingiza jeni nzima nyuma ya jicho, ifanye kazi iliyoishinda ile mbovu. Kwanza mtoto apimwe: afuate mishale sakafuni, akwepe vizuizi, taa zimepunguzwa. Lindy akapita bila kugusa kitu. Verna, mjinga yule, akavimba kichwa.

"Anaona vizuri mno," daktari akasema. "Nafasi tutampa mwingine."

Ujanja wa Verna mwenyewe ndio uliokuwa unamfungia mtoto mlango.

"Haoni, daktari. Mishale yenu imebandikwa, anaifuata kwa kuipapasa kwa vidole vya miguu. Mvalisheni mabuti yangu."

"Bibi! Si ulisema tusimwambie mtu?"

"Nilikosea, mwanangu. Vaa."

Ndani ya mabuti ya theluji ya bibi yake, Lindy akagonga kizuizi cha kwanza, akagonga cha pili, akaishia ukutani akilia kwa aibu. Verna naye akalia. Mtoto akapokelewa.

Miezi kadhaa baada ya kufanyiwa upasuaji macho yote mawili, Lindy alipimwa tena, mishale imepangwa upya, mabuti ni yaleyale. Hakugonga kitu. Waliporudi nyumbani, Verna akatafuta nyundo, akang'oa misumari yote.

Asubuhi yake akavuka jikoni kama alivyozoea miaka yote, hatua nne hadi kwenye jiko, kikombe cha chai mkononi, bila kutazama. Akajigonga goti kwenye kiti kilichokuwa njiani, chai ikamwagika.

"Pole, Bibi," Lindy akasema, amekaa juu ya kiti hichohicho, alichokivuta karibu na dirisha. "Nilitaka kuona theluji. Uwe unaangalia unakokwenda."