Kuazima Umeme wa Jirani

Uani kwetu hapa Kensington, Johannesburg, tumepanga vyumba vya nyuma, na mimi ndiye fundi umeme wa wote kwa kuwa hakuna mwingine. Sikusoma sana. Kazi nilifundishwa Tanga na mtu aliyenikaririsha kitu kimoja: kabla hujagusa waya, pima kipimo chako kwenye umeme ulio hai, zima, pima waya, kisha rudi ukapime kipimo tena pale penye umeme. Kipimo kinaweza kufa katikati, nacho kikifa kitakwambia kila waya umekufa.

Jumamosi ile jirani yangu wa chumba cha mwisho, mama Mkongomani mwenye watoto wawili, alinigongea. Soketi iliyo karibu na godoro la watoto ilikuwa imeungua ikawa nyeusi.

"Papa fundi, batoto balale wapi? Mi naogopa moto."

Nilipima kipimo kwenye soketi ya chumbani kwangu, taa yake ikawaka. Nikazima swichi kubwa ya uani, nikaipiga kufuli, ufunguo mfukoni. Nikapima soketi ya mama: kimya. Ilibaki kurudi penye umeme, lakini ua mzima nilikuwa nimeuzima mwenyewe. Umeme wa karibu ulikuwa ng'ambo ya ukuta, kwa mzee mmoja wa hapahapa Afrika Kusini. Nimeishi pembeni yake miaka na hatujawahi kupita kunyanyuliana mkono.

Nilisimama na bisibisi mkononi. Nilijiambia kipimo kilikuwa kizima dakika chache tu zilizopita. Mtu mwenye mwenziwe kazini angeambiwa "nenda kapime, bwana". Mimi nilifikiri kwamba nikianguka pale, yule mama hajui hata namba ya simu ya nyumbani kwetu. Nikaenda kugonga.

Tuliongea Kizulu changu kibovu tukichanganya na Kiingereza.

"Fundi gani wewe unakuja kuazima umeme?" mzee aliuliza. "Wako umeula?"

"Nimeuzima, Baba. Nataka kugusa wako kidogo tu."

Akacheka, akanionyesha soketi iliyokuwa ikiendesha redio. Nikachomeka kipimo. Taa haikuwaka. Redio inaimba, kipimo kinasema hakuna umeme.

"Eish," mzee alisema. "Mmoja wenu ni mwongo."

Nilipoukunja waya wa kipimo karibu na mshikio, taa ilicheza ikazima. Ulikuwa umekatika kwa ndani. Nikaenda kuchukua kipimo changu cha zamani, nikakipima kwenye soketi ileile ya mzee, kikawaka, nikarudi kwa mama. Soketi ya mama ikakiwasha vilevile, na kufuli langu liko palepale kwenye swichi kubwa.

"Mama, hii ina umeme!"

"Iko nayo siku zote. Token ya umeme ikiisha, vyote binakufa, hii inabaki. Nilisema ni Mungu."

"Mbona hukuniambia?"

"Haukuuliza, Papa."

Ni kweli, sikuuliza. Sikuona haki ya kumkasirikia.

Niliufuata waya wa soketi ile: ulikuwa unapita ukutani ukitokea kwa mzee. Nilirudi kwake mara ya tatu, na safari hii nilikuwa tayari kumlaumu. Tukafungua boksi lake la swichi. Swichi moja imeandikwa "nje".

"Hiyo sikuwahi kujua ni ya nini," alisema. "Taa zangu za nje zilikufa kabla mke wangu hajafa."

Nani aliunganisha sijui. Pengine zamani nyumba zote mbili zilikuwa za mtu mmoja. Kama kuna aliyeonewa ni yeye, maana soketi ile ilikuwa ikila umeme wake. Nilipomweleza hakudai kitu, alisema tu, "Basi nimewapikia watoto chai bila kujua."

Akaizima. Lakini boksi lake halikuwa na pa kupitisha kufuli, na mjukuu wake huwa anaingia akiona kitu kimezimwa anakiwasha. Nikamwomba mzee asimame pale, asiondoke.

"Acha mlango wazi basi, maana naona utarudi," alisema.

Nilirudi kweli. Soketi ya mama ilikuwa kimya, soketi ya redio ya mzee ikakiwasha kipimo. Sasa niliamini. Nikaukata waya wa ukutani, nikaziba ncha zake, nikavuta mwingine kutoka soketi ya pili ya mama mwenyewe, nikafunga soketi mpya. Kila baada ya kitambo niliita juu ya ukuta:

"Baba, upo?"

"Ngilapha," niko hapa.

Mama alikuwa amewapeleka watoto dukani. Sijui kama naandika hili sawasawa, lakini tangu nifike Johannesburg hakuna mtu aliyewahi kusimama mahali kwa ajili yangu, nami nikijua amesimama wapi. Nilikaza skrubu ya mwisho. Hapo nilipaswa kumwambia mzee akakae, ana magoti mabovu.

Nikaita, "Baba, upo?"

"Ngilapha."

Nikakaa kidogo sakafuni, mikono yangu mitupu, kisha nikamwambia tumemaliza.